Saumu ya Mtoto wa Juu

Mwalimu wa michezo alipohamishiwa shule yetu ya Kibiti, jambo la kwanza aliloomba ni mnazi. Hakuutaka uliosimama. Aliutaka ulioanguka, na jirani mmoja wa shule akampa gogo lililokuwa limelala shambani kwake tangu masika. Walimu na watoto wakalibingirisha mpaka kiwanjani, wakaliinua kidogo juu ya vipande vya miti, likawa kama daraja lisilo na mto. Kisha yule mwalimu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika mbali, akawapanga watoto wa darasa la kwanza na la pili. Kila mmoja alipewa kata iliyojaa maji, apite juu ya gogo mpaka mwisho. Atakayefika na maji mengi ndiye anayefaa.

Mimi niliyaona yote hayo kutoka barazani kwangu. Chuo changu, nilipowafundisha watoto Kurani, kilitazamana na kiwanja cha shule, na saa ile sikuwa na wanafunzi kwa sababu wanafunzi wangu ndio hao waliokuwa wakimwaga maji.

Mjukuu wangu wa kike alikuwa na miaka saba. Alikuwa ameletwa kwetu mwaka ule ule ili asome, kwani wazazi wake walilima mpunga bondeni, na msimu wa mpunga watu wa bondeni huhamia dunguni, kile kibanda cha juu ya miti mirefu ambako familia nzima hukaa kuamia ndege na kufukuza nguruwe. Mtoto wa dunguni hujifunza kupanda ngazi kabla hajajua kukimbia. Zamu yake ilipofika alipokea kata, akaliangalia gogo, akayaangalia maji, akayanywa yote. Akajifuta mdomo, akapita juu ya gogo bila kutazama chini, na alipofika mwisho akaipindua kata kuonyesha kuwa ni tupu.

Wenzake walicheka mpaka wakaharibu mstari. Mwalimu akamuuliza maji yako wapi.

"Nimeyabeba tumboni," akasema. "Hayajamwagika."

Mwalimu akafungua daftari, na jina lake likawa la kwanza kabisa kuandikwa.

Hiyo ilikuwa miaka ile baada ya milango ya biashara kufunguliwa. Maduka ya barabarani yalikuwa yamejaa vitu tulivyovisahau, mitumba ilishushwa mnadani kwa marobota, na wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameanza kuingia vijijini na mizani zao. Sherehe nazo zilikuwa nyingi, na kila sherehe ilitaka halaiki: watoto wanaoviringika, wanaopinda migongo, wanaopandiana mabegani mbele ya wageni. Shule iliyokuwa na halaiki nzuri ilijulikana. Yule mwalimu alikuwa ameletwa kwa kazi hiyo.

Baadhi ya wazee walinijia kuniuliza kama inafaa watoto wa kike kupinduka hadharani. Nilikwenda kumwona mwalimu. Alinisikiliza kwa heshima, na Jumamosi iliyofuata akaenda mnadani, akarudi na rundo la suruali ndefu za michezo za mitumba, za kila rangi, akazipunguza miguu kwa mkono wake na kuwashonea vitambaa vya kichwa vya kufunga nyuma. Nikawaambia wazee kwamba mimi sina tena la kusema, na kwa kweli nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kupenda kutazama.

Sioni haya kulisema. Kila siku baada ya alasiri niligeuza mkeka wangu kidogo ili nione kiwanja. Hawakuwa na godoro hata moja. Walijaza makapi ya mpunga kwenye magunia, wakayapanga juu ya mchanga, na juu ya magunia hayo watoto wa wakulima walijifunza mambo ambayo sikudhani mwili wa mwanadamu umeumbwa kuyaweza. Waliamka mapema kuliko wengine. Walihesabu pamoja kwa sauti. Aliyeanguka aliinuka bila kulia, akarudi nyuma ya mstari kungoja tena. Nimefundisha miaka mingi, na najua ni shida gani kumfanya mtoto arudie jambo moja mara arobaini. Yule mwalimu aliwafanya walirudie, na wakamaliza wakicheka. Nilimshukuru Mungu kwa kuniweka karibu na kazi njema kama ile.

Mwisho wa mazoezi walijenga mnara. Wasichana wanne wakubwa walisimama chini wakiwa wameshikana, wawili wakapanda mabegani mwao, na mjukuu wangu akapanda juu ya hao wawili, akasimama, akanyoosha mikono. Mji mzima ukamwita mtoto wa juu. Hata muuza samaki alipopita nyumbani aliuliza, "Mtoto wa juu hajambo?" Jina lake mwenyewe lilibaki shuleni na kwa bibi yake.

Miaka ikapita. Katika watoto waliochaguliwa siku ya gogo, wengi walikuwa wameshaacha mjukuu wangu alipofika darasa la sita. Nafasi zao zilijazwa na wengine wadogo, waliopitishwa juu ya gogo lile lile kila mwaka. Niliona kwamba wanaacha. Sikuuliza kwa nini. Na mimi chuoni nilikuwa nikichagua mapema wenye vichwa vyepesi, nikawapa sura ndefu za kuhifadhi, na mara nyingi hao ndio waliopotea kwanza. Nilisema ni dunia imewavuta, nikachagua wengine.

Mwaka ule wa darasa la sita halaiki yetu ilialikwa kijiji cha ng'ambo ya mto, mbele ya Ikwiriri. Wakati huo hapakuwa na daraja pale Ndundu tunapovukia mto. Palikuwa na kivuko, na siku tuliyofika kivuko kilikuwa kimeharibika mashine, kimeegeshwa ng'ambo ya pili, na malori yamepanga foleni kutoka ukingoni mpaka mbali barabarani. Nilikuwa nimekwenda nao kama mzazi. Tulikaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri, watoto wamevaa suruali zao za rangi, na habari iliyotufikia ni kwamba fundi anatafutwa.

Mwalimu akasema hawezi kuwarudisha watoto nyumbani bila kucheza. Akawapanga pale pale ukingoni, kwenye mchanga, mbele ya madereva na abiria waliochoka. Mwanzoni watu walitazama kwa jicho moja. Dereva mmoja wa lori la sabuni alikuwa amelala chini ya lori lake, na mnara ulipoanza kujengwa akatoa kichwa.

"Mkimwangusha huyo," akasema, "mimi nina sabuni tu humu, dawa sina."

"Wewe lala," akamjibu msichana mmoja wa chini bila kugeuza shingo. "Wewe ndiye uliyeanguka, sisi tumesimama."

Foleni nzima ilicheka. Kisha mjukuu wangu akasimama juu, mto ukiwa nyuma yake. Yule dereva alitoka chini ya lori akasimama wima. Baadaye alifungua turubai akampa kila mtoto mche wa sabuni, na nyumbani tulifulia sabuni ile kwa muda mrefu.

Miongoni mwa waliokwama kwenye foleni alikuwamo afisa mmoja wa utamaduni, mgeni kwetu, aliyekuwa safarini kwa shughuli zake. Alimjia mwalimu akampa mkono. Akasema sherehe za mkoa ziko karibu na atahakikisha halaiki hii inaitwa. Kisha akamtazama mjukuu wangu, ambaye mwaka ule alikuwa ameanza kurefuka, akamgusa begani kwa tabasamu.

"Ila huyu wa juu asiongezeke," akasema.

Alilisema kama mtu anavyosema mvua isinyeshe, akaenda zake. Mwalimu alicheka kwa adabu. Nami nilicheka.

Wiki iliyofuata mjukuu wangu alianza kufunga. Alimwambia bibi yake kwamba anafunga Jumatatu na Alhamisi, zile siku za sunna ambazo sisi wenyewe watu wazima tulizifunga kwa kusuasua. Sikuwa nimemhimiza. Hakuwa na lazima. Nilipopata habari hiyo niliona ni neema. Nilimwambia mke wangu kwamba watu wanadhani mtoto akiruka ruka kiwanjani dini inamtoka, na tazama huyu. Mke wangu alikuwa akipembua mchele, akasema, "Haya."

Nikafanya kosa ambalo nadhani ni mwalimu wa dini tu anayeweza kulifanya. Nilimsimamisha chuoni mbele ya wenzake. Niliwaambia wamtazame mwenzao, anayecheza kuliko wao wote na anafunga kuliko wao wote, wakati wao hata kuamka alfajiri ni kuvutwa miguu. Alisimama ametazama mkeka. Nilidhani ni unyenyekevu, nikamsifu kwa hilo pia.

Dalili zilinipitia machoni. Jumamosi moja nilipita kwenye banda la mnunuzi wa korosho pale barabarani, palipokuwa na mizani ya kuning'iniza magunia. Karani wake, mtu wa mzaha, akaniita.

"Shikamoo, maalim. Mjukuu wako ananing'inia kwenye ndoano yangu kila Jumamosi, ananiuliza mshale umesoma wapi. Nimemwambia korosho za aina yake sinunui, zina miguu."

Tukacheka wote wawili. Niliona ni michezo ya watoto. Wiki hiyo hiyo, jioni, nilimwona juu ya mnara magoti yakimtetemeka, nikadhani ni upepo.

Aliyeona ni bibi yake, na aliona kwa njia ya kuku. Aliniambia siku moja kwamba kuku wake wamenenepa na yeye hajawaongezea pumba. Sikujua anataka niseme nini. Siku ya Jumanne, ambayo si siku ya kufunga, alipakua wali na samaki mchana, mtoto akachukua sahani yake akasema anakwenda kula nyuma kwenye kivuli. Bibi akangoja kidogo, akazunguka upande wa pili wa nyumba. Kuku wote walikuwa pale, na mtoto alikuwa amechuchumaa akiwagawia tonge tonge, kwa haki, kama anavyogawa mama mwenye watoto wengi.

Mke wangu hakumgombeza. Alikuja barazani nilikokuwa nikisomesha, akangoja mpaka wanafunzi wakatoka.

"Maalim," akasema, na yeye huniita hivyo anapokuwa na jambo zito, "unamsifu mtoto kwa kufunga. Mtoto huyu hafungi. Ana njaa kwa makusudi."

Nilitaka kubisha. Akanieleza habari za kuku, na nilipokuwa nikimsikiliza nikaiona ndoano ya korosho, na magoti, na yule afisa akitabasamu ukingoni mwa mto. Sherehe za mkoa zilikuwa zimebakiza wiki mbili. Baada ya wiki mbili mtoto huyu angepanda juu ya vichwa vya wenzake, mbele ya umati, na tumboni mwake asiwe na kitu.

Kesho yake baada ya alasiri nilimwita akae nami barazani. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye somo la kwanza kabisa tunalowafundisha watoto, kwamba kila ibada inaanza na niya, na niya inakaa moyoni. Nikamwomba anieleze niya yake ya Alhamisi iliyopita. Nilimwambia hatapigwa wala hatasemwa.

Aliviringisha ncha ya kitambaa chake. Kiwanjani wenzake walikuwa wakipanga magunia.

"Babu, nisiongezeke," akasema.

Lile neno lilinichoma kwa sababu nililijua lilikotoka, na siku lilipotamkwa nilicheka. Nikamuuliza kama anapenda kuwa juu. Akasema zamani alipenda, siku hizi anaogopa, anaona chini mbali. Nikamuuliza mbona asimwambie mwalimu.

"Kila mtu ananiita mtoto wa juu," akasema. "Nikishuka nitaitwa nani?"

"Utaitwa kwa jina lako."

Akatikisa kichwa kama mtu mzima anayemsikiliza mtoto. Kisha akasema jambo ambalo nimeishi nalo mpaka leo. Alilisema bila hasira, kwa sauti ya kunieleza tu nijue.

"Na wewe ulinisifu, babu. Nikaona hata Mungu anataka hivyo hivyo."

Nilimshika mkono. Ulikuwa mwepesi sana. Nilimwambia kwamba Mungu hakusema, ni babu yake aliyesema, na babu yake hakuwa akijua anachokisema. Nilimwambia kwamba mwili wake ni amana, na kukua si dhambi, na kwamba kwa wiki hizi hana ruhusa ya kufunga sunna hata ndoto ikimjia. Akacheka kidogo. Bibi yake, ambaye bila shaka alikuwa nyuma ya mlango muda wote, akatoka na bakuli la uji wa nazi akamwekea mbele, akakaa kumtazama. Alikunywa nusu. Siku ile tulishukuru kwa nusu.

Jumamosi nilisimama chuoni. Sikutaja kuku wala mizani. Niliwaambia watoto kwamba nilimsifu mwenzao kwa jambo ambalo sikulijua, kwamba mtu hana haki ya kuyasifu yaliyo moyoni mwa mwenzake, na kwamba kosa ni langu, halimhusu yeye. Walinitazama kwa mshangao, maana hawakuwa wamezoea kusikia maalim ana kosa. Kijana mmoja mchekeshaji akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo maalim, zile Alhamisi tuache?"

"Wewe ulishaanza?"

"Bado."

"Basi endelea na bado yako," nikamwambia, na hapo chuo kikachangamka kidogo.

Mjukuu wangu hakwenda mazoezini siku tatu. Siku ya nne mwalimu wa michezo alikuja nyumbani, daftari lake kwapani. Aliniamkia, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba. Alidhani wazee wamelifufua lile jambo la mavazi.

"Maalim, kama ni suruali, nitashona ndefu zaidi," akasema.

Nikamweleza yote, na sikujiacha nje. Hakujitetea. Machozi yalimlengalenga, akayazuia. Nilipomaliza alilifungua daftari akaniwekea magotini. Majina yote ya watoto wa gogo yalikuwamo, kuanzia mwaka wa kwanza. Mengi yalikuwa yamepigwa mstari, na pembeni ya kila mstari aliandika neno moja kwa mwandiko mzuri: ameacha. Nikamuuliza waliacha kwa sababu gani. Alianza kusema utoro. Akayatazama majina tena.

"Sijui," akasema. "Nilijua kuwachagua. Kuwauliza sikuwahi."

Nimewaheshimu walimu wengi, lakini mwalimu aliyeweza kulisema hilo mbele ya mzee, akiwa na sherehe ya mkoa mlangoni, nimemwona mmoja. Nikamwambia hata mimi sina daftari la namna hiyo kwa sababu sikuthubutu kuliandika. Tukakubaliana tuwaulize. Hatukufanya mkutano. Tulimwambia mjukuu wangu awaambie wenzake walioacha kwamba bibi yake amepika visheti, nao wakaja barazani wawiliwawili kwa siku kadhaa, wakala, wakasema.

Msichana mmoja mrefu, aliyekuwa akibeba chini ya mnara, alisema aliacha kwa sababu ya visigino. Hatukumwelewa. "Miaka minne naona visigino vya watu tu," akasema. "Sherehe zote nimehudhuria, sijaiona hata moja." Mwalimu alicheka mpaka akajifunika uso kwa daftari, lakini baadaye aliniambia hakupata usingizi kwa jibu lile.

Mwingine alikuwa amevunja ungo, akawekwa ndani kama ilivyo desturi, na alipotolewa, bibi yake alisema mabega ya mwali hayakanyagwi tena. Yeye mwenyewe hakuona vibaya. Kilichomuuma ni kwamba hakuna aliyekuja kumuaga. Mwingine alisema alipenda kuviringika tangu mdogo, aliviringika kwenye makapi ya mpunga mpaka akapigwa na mama yake, ila tangu achaguliwe kila kuviringika kuna mtu anahesabu. Mmoja alisema tu kwamba alichoka kuambiwa yeye ni hodari. Tukamwuliza ubaya wake nini. Akasema hodari hapewi nafasi ya kukosea.

Wa mwisho kuja hakuwamo kwenye daftari. Alikuja kwa ajili ya visheti, hakuficha. Alikuwa ni mmoja wa waliomwaga maji siku ile ya kwanza, miaka mitano iliyopita. Mwalimu akamwuliza kama anakumbuka.

"Nakumbuka. Nilimwaga yote, nikajua mimi sifai."

"Ukaacha kucheza?"

"Nacheza. Nyuma ya msikiti, kwenye mchanga, pasipo na watu."

Mwalimu akamwomba aonyeshe. Yule mtoto alishuka barazani, akafunga khanga yake vizuri kiunoni, akapinduka mara tatu mfululizo, wima, akarudi kuchukua kisheti kilichobaki. Hakuna aliyemfundisha. Mwalimu alitazama pale kwenye mchanga palipobaki alama za mikono kwa muda mrefu.

Kesho yake gogo la mnazi lilisukumwa mpaka pembeni mwa kiwanja, na kuanzia hapo likawa la kila mtu. Jumamosi asubuhi aliyetaka alipanda, mwenye kata na asiye na kata, wa darasa la kwanza na wa la saba. Wasichana wa chini na wa juu wakaanza kubadilishana nafasi, wale wanaoweza, na yule mrefu wa visigino akarudi akapewa filimbi ya kuongoza hesabu, asimame mbele ambako anaona kila kitu. Walimu wengine walinung'unika kwamba halaiki itapoteza ukali wake. Pengine ilipoteza kidogo. Mimi niliigeuza mikeka yangu yote kuelekea kiwanjani.

Sherehe ya mkoa ilifika, na nilikwenda. Uwanja ulijaa. Watoto wa Kibiti waliingia wakihesabu kwa sauti moja, na yule mtoto wa nyuma ya msikiti alikuwamo, amevaa suruali ya kijani iliyompwaya. Walipofika kwenye mnara walijenga wanne chini na wawili juu yao, wakanyoosha mikono, wakaishia hapo. Makofi yalikuwa makubwa. Yule afisa wa utamaduni alikuwa amekaa karibu nasi, akainama kumuuliza mwalimu yuko wapi yule wa juu.

"Yule pale," mwalimu akasema. "Anakula."

Alikuwa amekaa juu ya rundo la magunia ya makapi pembeni mwa uwanja, zamu yake ya kulinda vitu vya wenzake. Mkononi alikuwa na kipande cha muhogo wa kuchoma, na shavu moja limejaa. Alipoona tunamtazama aliupunga muhogo. Afisa alisema kwamba ni hasara. Mwalimu akamwambia, kwa upole uleule aliokuwa nao siku zote, kwamba tulikuwa karibu kupata hasara kubwa zaidi.

Hakupanda tena. Mazoezini alikwenda alipotaka, akaviringika na wadogo, na siku nyingine hakwenda, akabaki kumsaidia bibi yake kupembua mchele. Haikuwa rahisi. Miezi ile alikula vizuri wiki moja na wiki nyingine akachezea chakula, na bibi yake akawa anakaa naye sahani moja, mkono kwa mkono. Tulimpeleka hospitali ya Mchukwi mara mbili. Muuza samaki naye alichukua muda kubadilika, akipita anauliza habari za mtoto wa juu, na mke wangu anamjibu kwa jina lake kamili, jina lake na la baba yake, mpaka akajifunza.

Ramadhani ya mwaka uliofuata aliniuliza kama anaruhusiwa kufunga. Alikuwa ameshanizidi urefu kwa kimo cha kitambaa chake cha kichwa, miguu imejaa, uso umerudi. Nikamwambia hiyo ni faragha yake na Mola wake, na kwamba afya yake sasa inamruhusu. Akafunga. Mimi ni mtu niliyezoea kusifu, ulimi wangu ulikuwa umeshafunguka. Nikauzuia.

Adhana ya magharibi ilipolia tulifungua kwa tende, tukaswali, tukakaa mkekani. Alikula muhogo wa nazi, akala samaki, akamaliza wali uliokuwa mbele yake. Kisha akainua macho akamwuliza bibi yake kama ukoko umebaki.

Mke wangu alinitazama. Akainuka haraka, yeye mwenye magoti mabovu, akaenda jikoni, na tukamsikia akikwangua sufuria mpaka chini.